Isale Kwenye Geti la Mahakama

Kornel alipokuwa mlimani, Veronika alilala. Wageni wa Kornel wakimaliza safari na kushuka, usingizi wa Veronika nao ulikatika, akaanza tena kuburuta meza na kuiegemeza mlangoni, na kuzima taa mapema ili kivuli chake kisionekane dirishani. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu alipomkimbia huyo Kornel, mumewe, kule Marangu na kupanga chumba Majengo, mjini Moshi, nyuma ya duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi aitwaye Malti. Malti alimpa chumba, akampa na kona ya kuweka cherehani.

Mektrida aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Yeye na Veronika walikuwa marafiki tangu usichana wao, walipokutana chuo cha ushonaji cha masista, mmoja akitokea Marangu, mwingine Kahe kule tambarare. Walilala kitanda kimoja cha juu na chini, wakagawana sabuni na siri. Baadaye wakawa mawifi, kwa maana Kornel, kiongozi wa wageni wapandao Kilimanjaro, alikuwa kaka yake Mektrida, tumbo moja, ziwa moja.

Veronika alikwenda mahakamani kuomba amri ya kumzuia Kornel asimfuate tena. Shauri lilipangwa mara ya kwanza, Kornel akawa mlimani. Likapangwa mara ya pili, Kornel yuko mlimani. Hakimu akasema siku ya tatu asipotokea, atasikiliza upande mmoja na kuamua. Basi Kornel akashuka.

Asubuhi ya siku hiyo Mektrida alikamua ng'ombe kabla hakujapambazuka, akamwomba jirani amtupie majani mchana, akavaa viatu vyake vya kanisani. Alikuwa mjane. Mumewe alipofariki alirudi nyumbani, akajenga kijumba cha mbao chini ya migomba ya kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu baba yake. Alipopita mbele ya nyumba kubwa, mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo si Jumapili. Viatu hivyo vinakwenda kwa nani?"

"Mjini, mama. Namsindikiza Vero."

Mama aliokota jani kavu la mgomba, akalitupa pembeni.

"Kihamba hiki ni cha Kornel," alisema. "Mimi nikifa, ni yeye. Wewe umerudi hapa nami nimekupokea kwa mikono miwili. Ila angalia unakanyaga wapi, mwanangu."

"Naenda kukaa naye tu, mama. Kukaa tu."

"Nenda basi kakae."

Njia nzima mpaka mjini Mektrida aliyarudia maneno yake mwenyewe. Kukaa tu. Na ni kweli, Veronika hakuwa amemwomba zaidi ya hapo. Alimwambia kwenye simu, "Nisindikize tu, Meki. Ushahidi sikuombi. Yule ni kaka yako, mimi siwezi kukutenganisha na damu yako." Mektrida alimshukuru moyoni, kisha akaona haya kwa shukrani hiyo, kisha akakasirika bila kujua anamkasirikia nani.

Kwa sababu alikuwa ameona. Siku ile Kornel alipokuja Majengo mara ya kwanza, Mektrida alikuwa chumbani kwa Veronika, nyuma ya pazia, akimlaza Stella, mtoto wa Veronika na Kornel. Alisikia vitambaa vikichanika, akadhani ni kazi. Alipofungua pazia alikuta magauni meupe ya komunyo ya kwanza, yale ya watoto wa watu, yamekatwakatwa na kutapakaa sakafuni. Kornel alikuwa amemkandamiza mkewe ukutani, na ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa ameuweka shingoni mwake, umefunguka. Hakuwa akipiga kelele. Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto, "Na wewe nitakukata hivi hivi." Mektrida alisema, "Kaka, weka chini." Kornel akageuka, akamwona, akauweka mkasi juu ya cherehani kwa upole kabisa, akatoka.

Jioni ile ile Mektrida alimwambia mama yake. Mama alimjibu, "Neno hilo lisivuke uzio huu." Na halikuvuka.

Mahakamani alimkuta Veronika barazani, amekaa ukingoni mwa benchi kama ndege anayetaka kuruka. Alivaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, na vidole vyake vilikuwa vinafumua uzi wa pindo lake.

"Utalimaliza gauni," Mektrida alimwambia, akaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi.

"Amekuja?"

"Sijamwona."

"Nimesikia pikipiki."

"Mji mzima una pikipiki, Vero."

Walikaa. Veronika akasimama, akachungulia kwenye kona, akarudi. Karani alitokea mlangoni, akaita majina ya watu wengine, akarudi ndani. Mzee mmoja aliyekuja kwa shauri la mpaka wa shamba alikohoa, na Veronika akashtuka kama amepigwa. Mektrida naye alijikuta anahesabu waliokuwa mbele yao, anasahau, anaanza upya.

Kornel aliingia akicheka. Alikuwa amevaa jaketi lake la kazi, midomo imebabuka kwa baridi ya kileleni, na uso umeungua jua kama kawaida ya watu wa mlimani. Askari wa getini alimfahamu, wakapeana mikono. Akamwamkia yule mzee, akamsaidia kusogeza fimbo yake. Kornel alikuwa mtu wa watu. Wageni walimlilia wakiagana naye uwanja wa ndege. Wapagazi waligombea kwenda naye.

"Meki, hujambo?" alisema.

"Sijambo, kaka," Mektrida alijibu kabla hajawaza. Ulimi ulikuwa umezoea. Mtu huyu alimbeba mgongoni akimvusha mto msimu wa masika, wakienda shule, kila siku, bila kulalamika. Hilo nalo lilikuwa kweli, na Mektrida hakujua aliweke wapi.

Kornel alikaa benchi la ng'ambo, akawaelekea. Hakumtazama mkewe hata mara moja. Mguu wake mmoja tu ndio ulikuwa unatikisika.

Karani akatoka tena. "Mheshimiwa yuko kwenye kikao. Mtasubiri kidogo."

Kidogo hicho kikawa kirefu. Jua likapanda, baraza likajaa joto, watu wakaanza kujipepea kwa magazeti. Veronika akasema anakwenda chooni. Mektrida akataka kumfuata, Veronika akakataa, "Hata chooni, Meki? Niache nipumue."

Akaenda. Hakurudi.

Mwanzoni Mektrida alijituliza. Kisha akainua macho, akaona benchi la ng'ambo liko tupu. Jaketi halipo, Kornel hayupo.

Alivyofika chooni hakujua. Aligonga mlango mmoja, akagonga wa pili, mwanamke asiyemjua akamfokea. Akazunguka nyuma ya jengo, penye mama ntilie. "Mmemwona dada mwenye gauni la bluu?" Hawakumwona. Akakimbia hadi kwenye bomba la maji, na hapo akamkuta Kornel, peke yake, anaongea na simu juu ya mahema na wapagazi. Kornel alimtazama, akainua kidole kama kusema ngoja kidogo. Mektrida hakungoja. Alijawa na furaha ya kumkuta pale peke yake, na furaha hiyo ilimtisha.

Veronika alikuwa getini. Mbele yake alisimama mama yao, mama yake Mektrida, amejifunga kitenge cha akina mama wa kanisani, jasho linamtiririka, amekuja nyuma ya binti yake bila kumwambia. Mkononi alishika jani refu la kijani, amelishika wima kwa mikono miwili kama mshumaa.

Lilikuwa isale.

Uchaggani isale halikataliwi. Hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekosa akilipeleka kwa aliyemkosea, au mkubwa wake akalipeleka kwa niaba yake, mkosewa hulipokea na kosa huisha. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Anayelikataa husemwa mpaka wajukuu zake.

"Nimekuja mimi mwenyewe," mama alikuwa anasema, "sikumtuma mtu. Mwanangu Vero, hata kwenu Kahe mnalijua. Nakuomba. Usimpeleke mume wako mbele ya serikali. Kampuni zikisikia ana kesi ya namna hii, nani atampa wageni? Mtoto atakula nini? Twende nyumbani, tuite wazee, tuseme tumalize."

"Mama," Mektrida alisema.

"Wewe nyamaza. Sijakuletea wewe."

Veronika alilitazama lile jani. Watu waliokuwa wakiingia walipunguza mwendo, wakaona kilicho mkononi mwa mama mzee, wakashusha macho na kupita kwa heshima kama wapitao mbele ya altare.

Mektrida alitaka kusema kwamba aliyeshika mkasi hakuwa mama. Alitaka kusema mengi. Lakini Veronika alinyoosha mikono yake yote miwili, akapiga goti kidogo kama afanyavyo mkwe, akalipokea isale.

Mama akatoa pumzi ndefu. "Asante, mwanangu. Mungu akubariki. Twende."

Mektrida aliona kila kitu kimekwisha. Akakiona kile chumba cha Majengo kinafungwa, akaiona barabara ya Marangu, na Veronika akishuka kwenye gari na begi lake. Na ndani yake, aibu ya aibu, kitu kilipumzika. Basi hata mimi sitaulizwa, kikasema.

"Mama," Veronika alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikukatika. "Nimelipokea kwa sababu wewe ndiye umelileta, na wewe hujawahi kunikosea. Nimemsamehe Kornel. Sitamwombea mabaya, sitamfundisha Stella kumchukia. Msamaha huo nimeutoa, sitaurudisha."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lakini mlango wangu sijautoa. Msamaha ni wa kwangu kutoa. Kumfanya asinijie usiku, hilo mimi siliwezi, na wewe mama huliwezi. Ungeliweza, ungeshalifanya."

Mama alijifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Naingia ndani," Veronika alisema. "Unisamehe na mimi."

Kwa mbali karani alikuwa anaita jina lake.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, madirisha wazi, feni haizunguki. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, mtaratibu, wa kutoka mikoa mingine kwa lafudhi yake. Veronika alisimama upande mmoja na Kornel upande wa pili. Mektrida na mama yake walikaa nyuma, benchi moja, kati yao nafasi ya mtu wa tatu.

Kornel aliomba kusema kwanza. Alisema vizuri, kama anavyosema na wageni wake.

"Mheshimiwa, sisi tumeshaelewana kwa mila zetu. Mama yangu amempelekea mke wangu isale hapo nje, naye amelipokea. Analo mkononi. Kwetu shauri limekwisha. Naomba lifutwe."

Hakimu alimgeukia Veronika. "Ni kweli?"

"Ni kweli nimelipokea, Mheshimiwa. Nimemsamehe. Lakini bado namwogopa, na maombi yangu sijayaondoa."

"Unamwogopa kwa nini? Ieleze mahakama."

Veronika alieleza. Alieleza jinsi anavyomkuta Kornel amesimama ng'ambo ya duka, anamtazama tu. Jinsi anavyopiga simu na kunyamaza. Mlango uliopigwa teke. Magauni. Alipofika kwenye mkasi alisita, akaendelea mpaka mwisho.

"Mjibu maombi?" hakimu alimgeukia Kornel.

"Magauni nilikata, Mheshimiwa, nakiri," Kornel alisema, ameinamisha kichwa. "Ni hasira za mwanamume aliyeachwa. Nilimwomba radhi na yule mama Mhindi. Lakini mkasi shingoni mwa mke wangu? Hapana. Hilo ameambiwa aseme ili nionekane muuaji. Nani aliyeona?"

Hakugeuka nyuma. Hakuangalia hata kidogo kule alikokaa dada yake. Alikuwa na hakika naye, kama mtu alivyo na hakika na mguu wake mwenyewe.

"Mleta maombi, una shahidi wa hilo?"

Veronika naye hakugeuka. Alikuwa ameahidi. Alitazama sakafu, akasema, "Mheshimiwa, sina shahidi niliyemwita."

Mektrida alijisikia joto likimpanda kutoka miguuni. Mama yake alishika upindo wa gauni lake, akaushika kwa nguvu, bila kumtazama. Mektrida aliusikia mkono ule, akausikia kwa ukamilifu, mifupa yake na sugu zake za jembe. Kisha akasimama, na upindo ukamponyoka mama.

"Mheshimiwa, mimi niliona."

Chumba kikageuka.

"Wewe ni nani?"

"Mektrida. Ni rafiki yake." Akamwonyesha Kornel kwa mkono. "Na huyu ni kaka yangu."

Walimpa Biblia, akaapa. Alisimulia kwa maneno machache, maana mengi yalikataa kutoka: pazia, vitambaa, ukuta, mkasi, maneno yale yaliyosemwa polepole. Wakati wote alitazama kitufe kimoja cha koti la hakimu. Alipomaliza, hakimu alimwambia Kornel ana haki ya kumuuliza maswali.

Kornel alimgeukia dada yake kwa mara ya kwanza tangu waingie.

"Meki, wewe unakaa kihamba cha nani?"

"Swali hilo linahusu nini?" hakimu aliuliza.

"Nitajibu, Mheshimiwa. Nakaa kihamba cha baba."

"Mimi nilishawahi kukupiga wewe?"

"Hapana, kaka." Hapo sauti ilimsaliti. "Hata kofi. Ndiyo maana siku ile nilidhani naota."

Kornel alikaa chini.

Hakimu aliwatoa nje kwa muda, akawarudisha, akasoma uamuzi. Kornel asifike anapoishi Veronika wala anapofanyia kazi. Asimfuate, asimpigie simu, asimtume mtu. Mtoto atamwona kwenye ofisi ya ustawi wa jamii, kwa ratiba. Amri hiyo itadumu mpaka shauri la ndoa yao, ambalo Veronika alikuwa amelifungua pia, litakapoamuliwa, na akiivunja atakamatwa. "Umeelewa?" hakimu alimuuliza. Kornel alisema ameelewa. Akaulizwa tena, akasema tena.

Barazani, mama alipita mbele ya Mektrida kama apitavyo mtu mbele ya nguzo. Kornel alisimama kidogo. Mikono yake ilitafuta mifuko ya jaketi na kuikosa.

"Haya, Meki," alisema, akamfuata mama yake.

Mektrida alidhani Veronika atafurahi. Veronika alitapika, nyuma ya jengo, karibu na wale mama ntilie, huku Mektrida amemshika paji la uso. Alipomaliza alisukutua, akasema ana njaa, wakaagiza wali, na wali ulipokuja hakuweza hata kijiko kimoja. Akauliza kama karatasi ya amri iko salama kwenye mkoba. Ipo. Baada ya muda akauliza tena. Malti alipiga simu kutoka dukani. Aliposikia alisema kwa sauti ya juu, "Vizuri sana! Sasa njoo, watu wanataka sare za kwaya." Hapo ndipo Veronika alipocheka, kicheko chembamba, akakikatisha mwenyewe na kugeuka kutazama barabarani.

"Karatasi haizuii mtu, Meki," alisema.

"Haizuii. Lakini sasa wewe siyo peke yako unayejua."

"Umefanya nini wewe? Mama atakufukuza."

"Sijui," Mektrida alisema, na ndivyo ilivyokuwa.

Mama hakumfukuza. Aliacha kumsemesha. Akiwa na neno, alimwambia jirani kwa sauti ya kumfikia Mektrida zizini. Jumuiya ndogo ndogo ya kanisa ilikuja kusali nyumbani kwao na Mektrida akaongoza rozari, na mama akaitikia sala zake zote, ila zilipokwisha akaingia ndani bila kumuaga. Baba mdogo Basili alikuja, akakaa na mama saa nzima, akatoka na kumwambia Mektrida, "Kaa. Nikiwa hai hakuna wa kukutoa." Lakini Basili alikuwa mzee na alitembea kwa kushika miti.

Kornel alitii. Mara moja tu, mwezi wa pili baada ya amri, Veronika alimwona karibu na soko. Kornel alisimama, akamwona, akavuka barabara kwenda upande mwingine. Veronika alipiga simu kumsimulia Mektrida, wote wawili wakashindwa kusema ni habari njema au la. Usiku ule Mektrida alilia, akimwaza mtu anayevuka barabara peke yake ili asimfikie mkewe.

Krismasi ilifika, na kama ilivyo ada Wachagga wakarudi nyumbani kutoka kila pembe, migomba ikajaa sauti na magari yakabanana njiani. Veronika na Stella walikwenda Kahe kwao. Kornel alichinja mbuzi uani kwa mama, na wanaukoo wakakusanyika kwa mgawo. Kila mtu ana nyama yake kwa haki yake: mzee ana yake, mama ana yake, mjomba, shangazi, dada. Mektrida alikuja na kukaa kwenye kigoda pembeni, mikono mapajani. Angeweza kubaki kwake. Alikuja kwa sababu kutokuja kungekuwa kusema jambo ambalo hakutaka kulisema.

Kornel alikata bila kuinua kichwa. Majina yalitajwa, majani ya mgomba yakapokewa. Basili alipewa. Mama alipewa. Shangazi walipewa. Kornel alifuta kisu kwenye jani, akakaa kidogo, watu wakaendelea kuongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kisha akakata kipande cha ubavu, akakiweka juu ya jani, akalisukuma jani kwenye nyasi kuelekea kwenye kigoda. Hakusema jina.

Mektrida aliinama akakichukua. Alikitazama kama ni kidogo kuliko cha miaka mingine, akashindwa kujua. Mama alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu mahakamani, na macho yake hayakusema kitu ambacho Mektrida aliweza kukisoma. Akasema asante, kwa wote na si kwa mtu yeyote, akashuka na nyama yake kwenye kijumba chake, akawasha moto, akakaa akisikiliza sauti za juu kule uani, akijaribu kuitambua ile ya kaka yake kati ya zile nyingine.